Rangi ya Pampu

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya juti, wanawake wa upande wa mashariki wa kijiji chetu cha Shalikdanga walikusanyika uani kwa Motaleb Mia na mitungi yao. Walikuja na habari zote za jana: bata wa nani kaibwa, ng'ombe wa nani kazaa, mkwe gani hajui kupika dengu. Pampu ya mkono ilisimama katikati ya ua, mdomo wake umepakwa rangi ya kijani. Kazi ya kuisukuma asubuhi ilikuwa ya Tuhina, binti mdogo wa Motaleb, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

"Sukuma, mwanangu, sukuma! Kwani jana ulikula pamba?" Mama Mukti alimtania huku akitega mtungi wake wa alumini.

"Nilikula wali, mama. Mtungi wako ndio hauna kitako, haujai."

Wanawake walicheka. Maji yalitoka baridi, meupe, yanaonyesha hadi chini ya mtungi. Mama Mukti akakinga kiganja, akanywa, akashusha pumzi ya raha.

"Mungu aibariki nyumba hii," alisema. "Maji haya ni matamu kuliko ya dafu."

Tuhina aligeuza uso. Hakupenda kumtazama Mama Mukti akinywa, kwa sababu kila mara macho yake yaliangukia kwenye vile viganja. Vilikuwa vimeota vipele vigumu kama punje za mtama, vingi, na ngozi imepasuka katikati yake. Mama Mukti alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na binti yake Mukti ndiye rafiki mkubwa wa Tuhina. Wawili hao walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza.

Sasa niwaambie jambo ambalo wanawake wale hawakulijua na Tuhina alilijua.

Miaka michache nyuma, vijana wa afya walipita kijiji kizima wakipima maji ya pampu. Walikuwa wakitafuta arseniki, sumu inayotoka kwenye tabaka za juu za ardhi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Haiui leo wala kesho. Inamla mtu taratibu, mwaka baada ya mwaka. Pampu isiyo na sumu walipaka rangi ya kijani, na yenye sumu walipaka nyekundu. Pampu ya Motaleb Mia ilipakwa nyekundu.

Basi wanawake wa mashariki wakalazimika kwenda kuchota kwenye pampu ya msikitini, ambayo imechimbwa kina kirefu kupita penye sumu, upande wa pili wa kijiji. Njia yake inapita mbele ya kibanda cha chai, wanakokaa wanaume wasio na kazi na macho yasiyo na adabu. Wanawake walichoka kwa umbali na kwa aibu.

Motaleb naye alipata pigo lake. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja kumposa binti yake mkubwa, Parul. Walipoiona pampu nyekundu uani, walinywa chai nusu kikombe, wakaaga. Kwetu mtu akisikia pampu nyekundu, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye madoa ya ngozi, na nani atamwoza mwanawe kwa msichana atakayeota madoa?

"Rangi imetuharibia jina, rangi italirudisha," alisema bibi yake Tuhina, mama yake Motaleb. Katika nyumba ile neno la bibi lilikuwa la mwisho. Siku moja ya mvua, uani pakiwa hapana mtu, Motaleb aliipaka pampu kijani juu ya ile nyekundu. Kopo la rangi alilishika Tuhina. Majirani wakaambiwa kuwa vijana wa afya wamerudi kupima, wakakuta maji yamepona. Hakuna aliyeuliza sana. Neno linalokupunguzia safari unaliamini haraka.

Lakini nyumba ya Motaleb yenyewe haikunywa maji yale. Kila alasiri Tuhina alitumwa msikitini kuchota maji ya kunywa ya familia. Wanawake walipomwona njiani walisema, "Bibi yenu ni mcha Mungu kweli, hanywi ila maji ya msikitini." Bibi aliposifiwa hivyo alitafuna tambuu yake na kuitikia amina. Mimi nasema hapo ndipo uongo ule ulipoota meno.

"Ukifumbua mdomo," bibi alimwonya Tuhina, "dada yako atazeekea barazani hapa. Na wewe utafuatia."

*

Mwalimu Nirmal alitufundishia watoto wetu Kiingereza. Alikuwa mwembamba, hatoki bila mwavuli hata wakati wa kiangazi, na alikuwa na ufundishaji wake wa peke yake. Aliandika ubaoni maneno mawili yanayokaribiana, halafu hakutaka mtu anakili maana kutoka kwenye kamusi. Kila mwanafunzi alipaswa kuleta kitu kutoka nyumbani cha kuonyesha tofauti ya maneno hayo.

Jumatatu ile aliandika: *clear* na *clean*.

"Nani ataniambia yanatofautiana wapi?"

Bablu, mtundu wa darasa, alisimama. "Mwalimu, hawa ni mapacha. Mmoja amekatika mguu mmoja mwishoni."

Darasa likaangua kicheko.

"Kaa chini, Bablu, kabla sijakukata alama," Mwalimu alisema, naye akitabasamu. "Sikilizeni. Katika lugha yetu neno moja linabeba maana zote mbili, ndiyo maana mnazichanganya. *Clear* ni kitu kisichoficha. Hakina ukungu, hakina tope, macho yanapenya. Kioo ni hivyo, anga baada ya mvua ni hivyo. *Clean* ni kitu kisicho na uchafu, ambacho hakitakudhuru. Kesho mniletee vitu. Nataka kujua: kipi ni *clear*, kipi ni *clean*, na kipi ni vyote viwili?"

Kesho yake meza ya Mwalimu ilijaa kama gulio. Bablu alileta sufuria ya mama yake iliyosuguliwa kwa majivu, ikang'aa. Ni *clean*, alisema, lakini hata ukitumbua macho huoni upande wa pili. Mwingine alileta miwani ya babu yake iliyojaa mafuta ya nywele, ambayo Mwalimu alisema haistahili neno hata moja. Mukti alikuja na chupa ya maji. Aliishika kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa furaha.

"Hii ni vyote viwili, Mwalimu," alisema.

Mwalimu aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "*Clear*, naona mwenyewe. *Clean*, nani ananihakikishia?"

"Ni ya pampu ya kijani, Mwalimu. Ya kwao Tuhina. Muulize mwenyewe!"

Darasa zima liligeuka. Mukti alikuwa akimtazama rafiki yake kwa fahari, kana kwamba amemletea zawadi. Akilini mwake Tuhina alimwona Parul akizeekea barazani. Alimsikia bibi.

"Eti, Tuhina? Wewe ndiye mwenye pampu."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu. "Ni safi."

"Basi kunywa, Mukti, tukushuhudie!" Bablu alipiga kelele.

Mukti akaipokea chupa, akarudi kwenye dawati lao, akaifungua, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa mtandio. Wenzake wakampigia makofi.

"Mmeona?" Mwalimu alisema. "Kwa neno la kwanza, macho yako yanatosha. Kwa neno la pili hayatoshi. Lazima awepo mtu anayejua, na mtu huyo aseme kweli." Akawapa Mukti na Tuhina alama zote.

Wakati wa mapumziko Tuhina hakuweza kumeza kitu. Mukti alidhani rafiki yake hakuletewa chakula, akammiminia nusu ya bisi zake za mchele mapajani.

*

Mama Mukti alikuwa amejichoma kidole cha mguu kwa kisiki cha mwanzi wakati wa mavuno. Kidonda kilikataa kupona, kisha kidole kikaanza kuwa cheusi. Mikono yake nayo ilikuwa imekakamaa hata hawezi kukunja ngumi. Mume wake alifanya kazi kwenye tanuri za matofali huko mjini na alirudi mara chache. Mama mkwe wake alikuwa ameacha kula chochote kilichoshikwa na mikono ile. Alimtengea sahani yake, kikombe chake, hata kigoda chake. "Amelaaniwa," alisema, na wengine wakaanza kuamini.

Hatimaye Mama Mukti alikwenda hospitali ya mjini. Asubuhi iliyofuata aliwasimulia wenzake pale kwenye pampu, huku Tuhina akisukuma.

"Daktari kijana, jamani, mpole! Alitazama viganja vyangu, akaniuliza, mama, unakunywa maji gani? Nikamwambia, ya pampu ya kijani, baba. Akasema basi, kama ni ya kijani, si hiyo. Akanipa marhamu." Akacheka kidogo. "Labda ni hizi pilipili nilizosaga tangu nizaliwe."

Tuhina aliacha kusukuma.

"Mtungi haujajaa, mwanangu," Mama Mukti alimkumbusha taratibu.

Siku hiyo hiyo, wakitoka shule, Mukti alimwonyesha Tuhina mdogo wake, Ratan, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akicheza na gurudumu la baiskeli. Alimpandisha shati. Kifuani palikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi.

"Mama anasema ni joto," alisema Mukti. "Mimi sijui. Unaonaje wewe?"

"Sijui," Tuhina alisema, na akakimbia nyumbani.

Alimkuta baba yake bandani akimlisha ng'ombe. Akamwambia yote: daktari, marhamu, kidole cheusi, kifua cha Ratan. Motaleb Mia alisikiliza huku ameinama, majani yamemganda mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyemwogopa mama yake na maneno ya watu, na wema wa namna hiyo haumsaidii mtu yeyote.

"Ijumaa wanakuja watu wa kumposa Parul," alisema mwishowe. "Mambo yakishapita, nitawaambia majirani. Nakuapia, mwanangu."

"Na Ratan, baba?"

"Siku chache hazimuui mtu."

"Ulisema hivyo hivyo siku ya kupaka rangi."

Motaleb alirudi kumlisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshashiba.

*

Ijumaa nyumba ilijaa moshi na harufu ya samaki wa kukaanga. Tuhina alikuna nazi ya vitamutamu vya wageni. Parul alikaa ndani amevaa sari ya bluu, bangili zinalia kila akisogeza mkono, shangazi yake akimpaka wanja. Alikuwa na hofu, lakini uso wake ulikuwa na nuru. Tangu wale wa kwanza waondoke hakuwahi kuvikwa bangili zile.

Mama Mukti aliingia uani akichechemea, mtungi kiunoni, mguu umefungwa kitambaa. Kwetu jirani akiwa na wageni wa posa, hungoji kuitwa. Alikuwa amekuja kusaga viungo.

Bibi alimwahi kabla hajafika jikoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nimekuja kusaidia, mama."

"Na mikono hiyo?" Bibi alishusha sauti, lakini kila mtu alisikia. "Unataka wageni wakione kitu hicho wakatapike? Rudi kwako. Na leo usitokeze uso nje mpaka waondoke."

Mama Mukti alivificha viganja ndani ya sari yake, akajaribu kutabasamu.

"Kweli, mama. Ningewaharibia. Nisamehe." Akageuka, kisha akasita. "Nichote tu maji, basi, niende. Ratan ana kiu."

"Tuhina! Msukumie upesi, aondoke," bibi aliamuru.

Tuhina aliacha nazi, akaenda, akashika mpini wa pampu. Ulikuwa wa baridi. Mama Mukti alitega mtungi, na alipouweka chini viganja vyake vilitokeza tena. Aliyevifanya viwe vile ndiye aliyekuwa akimfukuza kwa sababu ya viganja hivyo. Tuhina aliona hivyo waziwazi, akaona kuwa na yeye alilishika kopo.

"Usichote, mama," alisema.

"Nini, mwanangu?"

"Usichote! Usimpe Ratan!"

Aliokota kipande cha tofali, akapiga magoti, akaanza kukwangua mdomo wa pampu kwa nguvu zake zote. Rangi iliyopakwa siku ya mvua haikushika vizuri. Ilipukutika vipande vipande kwenye saruji, na chini yake ikatokea nyekundu.

"Mtoto huyu amerukwa na akili!" bibi alipiga ukelele. "Mshikeni! Motaleb! Anamwua dada yake huyu, anamwua!"

Alimvuta nywele, lakini Tuhina hakuacha. Vidole vilimtoka damu. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka wote, mikono imejaa unga na manjano, wakasimama kuizunguka pampu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mmoja wao aliwahi kuiona rangi ile.

Motaleb alitoka bandani mbio. Alitazama pampu, akamtazama binti yake, kisha akautoa taratibu mkono wa mama yake kwenye nywele za mtoto.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Ni mimi niliyepaka. Hakuna aliyekuja kupima. Maji hayajawahi kupona."

Mama Mukti hakupiga kelele wala hakulaani. Aliuliza neno moja tu, kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo yale ya msikitini mliyokuwa mkichota..."

Motaleb aliinamisha kichwa. Mama Mukti alimimina maji machache yaliyokuwa yamebaki mtungini tangu jana. Aliyamimina yote, taratibu, akaenda zake akichechemea na mtungi mtupu.

Wageni hawakufika. Habari iliwakuta kwenye kibanda cha chai, wakageuza riksho zao pale pale bila hata kutuma salamu. Parul alikaa barazani na sari yake ya bluu, akavua bangili moja baada ya nyingine. Bibi alipomwambia Tuhina amtazame vizuri dada yake aone alichokifanya, Parul aliinua uso wenye wanja uliochuruzika.

"Mwache, bibi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naolewa, na siku ya kupaka hamkuniuliza. Mngeniuliza, ningechagua kubaki hapa."

Hata hivyo, kwa siku nyingi hakusema na Tuhina.

*

Alasiri ile ile Motaleb alikodi guta, akampandisha Mama Mukti na Ratan, akaenda nao mjini. Alikaa mbele ya yule daktari kijana akasema mwenyewe alichokifanya. Daktari alivua miwani, akaivaa tena.

"Amekunywa sumu hii tangu zamani, kabla hata ya rangi zenu," alisema. "Lakini asingerudi kuinywa mlipoipaka pampu kijani, nisingekuwa nautazama mguu wa namna hii."

Walimkata Mama Mukti vidole viwili vya mguu. Kuhusu viganja, daktari alisema huenda vikalainika kidogo kwa maji mazuri na chakula bora, huenda visilainike. Kuhusu Ratan alisema wamewahi. Hilo tu ndilo lililokuwa la heri siku ile.

Motaleb alirudi na kopo la rangi nyekundu. Aliipaka pampu upya mchana, majirani wakimtazama. Kisha aliuza ng'ombe wake apate cha kuchangia, akaungana na wanaume wengine kudai serikalini pampu ya kina kirefu upande wa mashariki. Walizungushwa miezi, lakini kabla ya masika ilichimbwa, ikapimwa mbele ya wanawake wote, kila mmoja akiangalia kwa macho yake. Bibi alikataa kutoka nje siku hiyo.

Shuleni Mukti alihamisha vitabu vyake akaenda kukaa na Bablu. Tuhina alimfuata wakati wa mapumziko kumwomba radhi. Mukti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilipokunywa," alisema, "ulikuwa umekaa karibu yangu. Ungenyoosha mkono tu."

Tuhina alirudi peke yake kwenye dawati lao.

Mwalimu Nirmal naye alifuta zile alama alizotoa. Aliwaambia wanafunzi kuwa na yeye amekosa. Kila alasiri alimwona mtoto wa nyumba yenye pampu ya kijani akibeba maji kutoka mbali, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Kijiji kizima kilimwona, na sote tukasema ni ucha Mungu.

*

Pampu mpya ilipokuwa haijachimbwa, Tuhina alijipa kazi. Kila alasiri alichota msikitini mitungi miwili: mmoja wa kwao, mwingine wa Mama Mukti. Wavivu wa kibanda cha chai walimpigia kelele: "Huyo, muuza sumu, anapita!" Aliinamisha kichwa na kupita.

Siku ya kwanza Mama Mukti alimpokea akiwa amekaa kitandani, mguu umefungwa bandeji. Aliutazama mtungi, kisha akamimina maji katika kikombe na kumpa Tuhina.

"Kunywa wewe kwanza."

Tuhina akanywa. Mama Mukti alisubiri mpaka kikombe kikaisha, ndipo naye akanywa, kisha Ratan. Ikawa hivyo siku ya pili, na siku zilizofuata. Tuhina hakulalamika. Siku moja alishindwa kujizuia, machozi yakadondokea kikombeni.

"Unalia nini?" Mama Mukti aliuliza.

"Huniamini tena, mama."

"Sikuamini, ndiyo. Ulitaka nikudanganye?" Akamvuta akae kando yake, na kwa mara ya kwanza akaviweka viganja vyake vigumu juu ya mikono ya Tuhina. "Nisikilize, mwanangu. Sina ugomvi na maji. Maji yametoka ardhini, na ardhi haina mdomo. Haikuweza kuniambia kilichomo. Nyinyi mlikuwa na midomo. Mliona nikinywa kila asubuhi, mkanisukumia. Anayejua hatari akanyamaza, basi na yeye ni sehemu ya ile sumu. Wewe ulichelewa kusema, na kwa kuchelewa kwako mimi nachechemea kila siku na mguu huu. Lakini ulisema, ukijua utapigwa, na Ratan wangu atakua. Yote mawili ni yako. Usisahau hata moja."

Tuhina aliitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata alikuja kama kawaida, na safari hii aliyefungua mlango alikuwa Mukti. Hawakuwa wamesemezana tangu ule wakati wa mapumziko. Mukti aliupokea mtungi, akamimina kikombe kimoja, akampa Tuhina, akasimama kumtazama. Tuhina alikunywa hadi mwisho na kukirudisha.

Mukti alimimina cha pili, akanywa yeye.

"Kesho uje mapema," alisema bila kutabasamu. "Leo mama amekaa na kiu."